Rangi ya injini za kale: Jinsi ya kuichagua na kuipaka ili ihimili joto la Tana

NANIGHI, katika bonde la Mto Tana, ni mahali ambapo uhai wa shamba umewahi kutegemea uhai wa injini. Mradi wa unyunyiziaji maji wa Bura ulipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, maji ya kumwagilia mashamba yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli zilizowekwa hapo Nanighi. Kila pampu hizo zilipokwama, mifereji ilikauka na mimea ikanyauka ilhali mto ulikuwa ukipita karibu. Katika miaka ya 2010 serikali ilianzisha ujenzi wa mfereji wa kuteremsha maji bila pampu, ili kuupunguzia mradi mzigo wa dizeli na vipuri. Hata hivyo, mkulima mdogo wa kando ya Tana mwenye kipande chake cha migomba, maembe au mahindi angali anahitaji injini ya kumpandishia maji.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye gari la zamani. Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, malori ya Bedford, matrekta ya Massey Ferguson na magari ya Peugeot 404 na 504 yalijengwa kwa chuma kizito kinachoweza kudumu vizazi viwili au vitatu, maadamu kitunzwe. Wamiliki wengi huwaza habari ya rangi ya bodi tu, kwa kuwa ndiyo inayoonekana barabarani. Injini huachwa na tope, mafuta na kutu hadi siku inapofunguliwa, na hapo ndipo fundi hugundua kwamba bolti hazifunguki na vizibo vya maji vimeliwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua rangi itakayodumu juu ya injini ya kale, iwe ya gari au ya pampu, na jinsi ya kuipaka katika mazingira yenye joto, vumbi na mafuriko kama yale ya Tana River. Kazi hii haihitaji karakana ya kifahari. Inahitaji subira, usafi na uteuzi wa busara.

Kazi ya rangi

Kiunzi cha injini nyingi za zamani ni chuma cha kusubu. Chuma hiki ni kinene na hakitoboki upesi kwa kutu, lakini kuna sehemu nyembamba zinazokizunguka ambazo kutu huzimaliza. Mfano ni vizibo vidogo vya duara vilivyopigwa ubavuni mwa kiunzi ili kufunga matundu yaliyobaki wakati wa kusubu. Vizibo hivyo ni vya bati jembamba la chuma. Kutu ikivila kutoka nje, huku maji machafu yasiyo na dawa ya kuzuia kutu yakivila kutoka ndani, siku moja hupasuka. Maji humwagika, injini huchemka, na gharama ya kizibo kimoja hugeuka kuwa gharama ya kichwa cha silinda kilichopinda. Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta.

Faida ya pili haitajwi sana. Injini safi iliyopakwa rangi hufichua maradhi yake mapema. Tone la mafuta juu ya rangi ya kijivu au ya kijani isiyokoza huonekana siku ile ile, wakati tone hilo hilo juu ya tabaka la tope la miaka kumi halionekani kamwe hadi mafuta yapungue na injini kukamata. Kwa sababu hiyo rangi nyeusi, ijapokuwa huficha uchafu, si chaguo bora kwa kiunzi cha injini ya kazi.

Jambo la tatu linawahusu wakazi wa bonde la mto. Mafuriko, kama yale yaliyofuata mvua za El Nino za mwaka wa 1997 na yale ya mwisho wa mwaka wa 2023, huleta tope laini linaloingia katika kila pembe ya mashine. Tope hilo hushika unyevu kwa muda mrefu baada ya maji kupungua. Juu ya chuma kilicho wazi hutengeneza kutu usiku na mchana, lakini juu ya rangi madhubuti huoshwa likaondoka.

Hata hivyo, ni vyema kuelewa mipaka ya rangi. Rangi haizibi gasketi iliyokufa wala haiponyi injini inayokula mafuta. Anayepaka rangi juu ya mahali panapovuja atapoteza fedha zake, kwa kuwa mafuta yatapenya chini ya rangi na kuibambua katika muda wa majuma machache. Tengeneza kwanza, kisha upake.

Injini ina majoto matatu

Makosa mengi hutokana na dhana kwamba injini yote ina joto moja. La hasha. Injini inayopozwa kwa maji, ikiwa katika hali nzuri, maji yake huwa na joto la nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi. Uso wa nje wa kiunzi, birika la mafuta na kifuniko cha vali hukaribia kiwango hicho au huwa chini yake. Hili ndilo joto la kwanza, na rangi nyingi nzuri hulimudu.

Joto la pili liko kwenye kichwa cha silinda, hasa upande ule ambao matundu ya moshi hutokea. Hapo chuma huweza kupita kiwango cha maji yanayochemka, na rangi ya kawaida ya milango na madirisha hugeuka manjano, ikakauka kupita kiasi na kuanza kupasuka.

Joto la tatu liko kwenye mkono wa chuma unaokusanya moshi kutoka silindani kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Mkono huo hufikia nyuzi 400, na injini ya petroli ikipandisha mlima na mzigo waweza kupita nyuzi 600, hata ukaonekana mwekundu gizani. Hakuna rangi ya kawaida inayoweza kuishi hapo. Ukipaka kiunzi na mkono wa moshi kwa mkebe mmoja, utaona moshi mzito siku ya kwanza, na siku ya pili utaona majivu.

Basi kanuni ya kwanza ni kwamba rangi huchaguliwa kwa sehemu. Soma mkebe. Rangi iliyotengenezewa injini hutaja kiwango cha joto inachohimili. Kwa kiunzi, kiwango cha nyuzi 150 au zaidi chatosha; kwa mkono wa moshi, tafuta kilichoandikwa nyuzi 600 na kuendelea. Mkebe usiotaja kiwango chochote uachie kuta za nyumba.

Aina za rangi na tabia zake

Katika maduka ya rangi na vipuri ya Garissa, Malindi na Mombasa, mnunuzi atakutana na makundi makuu manne.

Kundi la kwanza ni rangi ya mafuta ya kawaida, ambayo wataalamu huiita alkidi. Ni ya bei nafuu, hupakwa kwa brashi bila shida, na makosa yake hurekebishika. Udhaifu wake ni kwamba hulainika inapomwagikiwa petroli, na joto la muda mrefu huifanya ibadilike rangi. Kuna alkidi zilizoboreshwa mahususi kwa injini na matrekta, na hizo ndizo zinazofaa kwa pampu ya dizeli inayokwenda mwendo wa pole. Dizeli haina ukali wa petroli dhidi ya rangi.

Kundi la pili ni epoksi, ambayo huja katika mikebe miwili, rangi na dawa ya kuigandisha. Huchanganywa wakati wa kutumia. Epoksi hushika chuma kwa nguvu na kustahimili mafuta, dizeli na petroli kuliko alkidi. Kasoro yake ni jua: miale ya jua huifanya ipauke na kutoa unga kama chaki. Chini ya boneti hilo si tatizo. Kwa pampu inayokaa uwanjani kutwa, epoksi inafaa iwe tabaka la chini tu.

Kundi la tatu ni poliurethani ya mikebe miwili, ile inayotumiwa kwenye bodi za magari. Hung'aa, ni ngumu, na haipauki juani. Epoksi chini na poliurethani juu ni muungano unaoweza kudumu miaka mingi hata kwa mashine iliyo nje. Tatizo lake ni sumu ya dawa yake ya kugandisha, nasi tutalirejea jambo hilo hapa chini kwa kuwa linagusa uhai wa mtu.

Kundi la nne ni rangi ya silikoni kwa ajili ya mkono wa moshi na ekzosi. Aghalabu hupatikana kwa rangi nyeusi, ya fedha au ya kijivu. Hupakwa nyembamba sana moja kwa moja juu ya chuma kilichosafishwa hadi kung'aa, bila rangi nyingine ya chini, isipokuwa mtengenezaji awe ameagiza vingine. Haiwi ngumu hadi ipate moto.

Ukikadiria eneo la nje la injini ya silinda nne kuwa mita 2.5 za mraba, matabaka matatu ni sawa na mita 7.5 za mraba. Lita moja ya rangi hupaka takriban mita 10 za mraba kwa tabaka jembamba. Kwa hiyo lita moja ya rangi ya chini na lita moja ya rangi ya juu zatosha, hata ukihesabu kiasi kinachopotea hewani wakati wa kupuliza. Mwenye kununua galoni nzima kwa injini moja anajaza ghala la mwenye duka.

Kumbuka pia kununua familia moja. Baadhi ya rangi hugombana: poliurethani au rangi yenye thina kali ikipakwa juu ya alkidi mbichi huikunja kama ngozi ya mzee. Rangi ya chini, rangi ya juu na thina zinapotoka kwa mtengenezaji mmoja, hatari hiyo hupungua.

Kabla ya kushika brashi

Kuna mambo mawili ya kufanya kabla ya kuondoa uchafu. La kwanza ni kuitafuta rangi ya asili, hasa kwa gari la kale. Watengenezaji wengi walikuwa na rangi zao. Injini za Lister zilizosukuma pampu na vinu vya kusaga katika makoloni ya Uingereza zilijulikana kwa kijani chao. Trekta la Ferguson 35 lililotoka mwaka wa 1956 lilikuwa na bati la kijivu na injini ya rangi ya shaba. Huko Marekani, Chevrolet walipaka injini zao za silinda nane rangi ya chungwa tangu miaka ya 1950, nao Ford wakashika samawati kuanzia mwaka wa 1966. Anayetaka kujua injini yake ilikuwa ya rangi gani na akwangue polepole mahali ambapo jua, mafuta na brashi za mafundi hazikufika: nyuma ya kishikio cha dainamo, chini ya kitambulisho cha bati, au chini ya miguu ya injini.

La pili ni nambari ya injini. Nchini Kenya nambari hiyo imeandikwa katika hati ya umiliki wa gari, maarufu kama logbuku, na mkaguzi huilinganisha na ile iliyogongwa chumani. Mtu akiikwangua kwa mashine ya kusaga, au akiizika chini ya matabaka mazito ya rangi, gari lake halali laweza kushukiwa kuwa la wizi, na kazi ya kuishawishi Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) au polisi kwamba sivyo haina wepesi. Ipige picha nambari hiyo, isafishe kwa brashi laini na kitambaa, kisha uifunike kwa utepe wa karatasi. Mwishoni iguse kwa tabaka moja jembamba tu, ili isomeke bila taabu.

Kusafisha ndiko kazi yenyewe

Mafundi wazoefu wa jua kali watakuambia kwamba katika kila siku tatu za kazi hii, mbili ni za kuosha. Rangi haishiki mafuta. Chuma cha kusubu kina vinyweleo vidogo vilivyonywa mafuta kwa miaka mingi, na injini ikipata joto mafuta hayo hutoka yakaisukuma rangi.

Anza kwa kukwangua tope kavu kwa kipande cha mti au cha chuma butu. Kisha paka mafuta ya taa au dawa ya kuondolea grisi kwa brashi ngumu, uache kwa robo saa, usugue, ukaoshe kwa maji moto yenye sabuni ya unga. Rudia hadi maji yatoke safi. Usitumie petroli. Mvuke wake husambaa chini chini hadi ufikie jiko la makaa au cheche ya betri, na ajali za namna hiyo zimeunguza watu wengi. Usitumie magadi makali ya kutengenezea sabuni kwenye kichwa cha alumini kama kile cha Peugeot 504, kwani huila alumini na kutoa hewa inayoshika moto.

Baada ya kukausha juani, jaribu kwa maji. Nyunyiza kidogo juu ya chuma. Yakitanda kama utando, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la mgomba, mafuta yangali pale, rudi ukaoshe.

Kutu na rangi ya zamani huondolewa kwa brashi ya waya na msasa. Hapa kuna tahadhari mbili. Rangi za miongo iliyopita mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Ni mwaka wa 2018 ndipo Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lilipoweka kiwango cha juu cha risasi katika rangi kuwa sehemu 90 kwa kila milioni. Kwa hiyo paka maji kabla ya kusugua ili vumbi lisiruke, fanya kazi mbali na nyumba, kusanya mabaki, na usirudi kwa watoto na nguo za kazi.

Tahadhari ya pili inahusu kupiga chuma kwa mchanga unaosukumwa na upepo wa kompresa. Mchanga wa mto ni wa bure na uko tele, lakini ukivunjika hutoa vumbi la silika linaloganda mapafuni na kuleta ugonjwa usio na tiba. Aidha, chembe moja ikiingia katika njia ya mafuta ya injini iliyofungwa, itakwangua beringi. Brashi ya waya yatosha.

Mwisho, pangusa chuma kizima kwa kitambaa kilicholoweshwa thina au spiriti, na kabla haijakauka ipanguse kwa kitambaa kingine kikavu. Kitambaa kimoja husogeza mafuta tu, viwili huyaondoa. Kuanzia hapo usiguse chuma kwa mkono mtupu, na usikiache kilale wazi. Karibu na mto, chuma kilichosafishwa asubuhi chaweza kuwa na wekundu wa kutu kesho yake.

Mahali pasipopakwa

Ziba matundu yote: ya hewa, ya moshi, ya maji, ya plagi na ya kijiti cha kupimia mafuta. Karatasi iliyokunjwa na utepe hutosha kwenye matundu makubwa, na plagi kuukuu ni vizibo bora vya matundu yake. Usipake nyuso ambazo gasketi hukaa, nyuzi za bolti, raba za miguu ya injini, mifereo ya mikanda, wala mahali ambapo waya wa ardhi wa betri hufungwa. Rangi haipitishi umeme, na starta nyingi zimelaumiwa bure kwa sababu ya waya wa ardhi uliofungwa juu ya rangi.

Sehemu za alumini, kama vile karabureta na baadhi ya vifuniko, kwa kawaida hazikupakwa kiwandani, na ni afadhali kuziacha zilivyo. Ukilazimika kuzipaka, tumia kwanza rangi ya chini inayong'ata alumini. Redieta isipakwe ila kwa ukungu mwembamba wa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa kuwa rangi nene huziba mapezi na kuzuia joto kutoka.

Kupaka katika joto la Nanighi

Maelezo mengi ya kwenye mikebe yameandikwa kwa kudhani joto la nyuzi 20 hadi 25. Nanighi mchana ni kawaida kupita nyuzi 33, na chuma kilichoachwa juani huwa cha moto kuliko hewa. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mchanganyiko wa mikebe miwili huganda kwa kasi ya karibu mara mbili. Mkebe ukisema mchanganyiko utatumika kwa saa nne, wewe hesabu mbili. Changanya kidogo kidogo. Iwapo kipimo ni sehemu nne za rangi kwa moja ya dawa, mililita 200 kwa 50 ni kiasi kizuri cha kuanzia. Pima kwa chombo chenye alama, kwani kipimo cha macho huacha rangi inayonata siku zote.

Saa nzuri ni asubuhi, umande ukiisha kukauka na kabla upepo haujainua vumbi la mifugo inayokwenda kunywa maji. Ukipaka mapema mno, chuma kingali baridi na unyevu usioonekana umekaa juu yake; wataalamu hutaka chuma kiwe na joto la nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho umande hutokea. Ukipaka saa saba mchana, rangi hukauka hewani kabla haijafika chumani, ikakaa kama mchanga. Fanya kazi kivulini, nyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, na kama duka lina thina ya pole kwa sehemu za joto, nunua hiyo.

Anza na rangi ya chini ya epoksi au ile yenye fosfati ya zinki, tabaka moja au mawili. Tumia brashi ndogo kwanza kwenye pembe, mikunjo na vichwa vya bolti, kwa sababu kingo ndizo zinazopata rangi haba na ndizo kutu huanzia. Kisha paka au pulizia nyuso pana. Iache kwa muda ulioandikwa, wala usipitilize; epoksi iliyokaa siku nyingi huwa ngumu mno, na rangi ya juu haitaishika hadi uisugue kwa msasa.

Rangi ya juu ipakwe matabaka matatu membamba. Tabaka la kwanza liwe kama ukungu, usijali chuma kikionekana. La pili na la tatu ndiyo yanayofunika. Mwenye haraka humimina tabaka moja nene, nalo hukauka juu na kubaki bichi ndani. Injini ikipata moto, thina iliyonaswa huchemka na kutoa malengelenge.

Kwa asiye na kompresa, brashi haina aibu. Injini nyingi za pampu zilipakwa kwa brashi hata zilipokuwa mpya. Nunua brashi nzuri isiyong'oka nywele, tia rangi kidogo, na usirudie mahali palipoanza kukauka.

Kuikausha kwa moto

Epoksi na poliurethani hukauka kushikika katika saa chache, lakini ugumu kamili huchukua takriban juma moja. Usimwagie dizeli wala kufunga mnyororo wa kuinulia kabla ya muda huo.

Rangi ya silikoni ya mkono wa moshi hukomaa kwa joto. Washa injini kwa dakika chache, izime, iache ipoe kabisa. Washa tena kwa muda mrefu zaidi, uiache ipoe. Mara ya tatu iendeshe hadi ipate joto lake la kawaida. Moshi mwepesi utatoka na harufu itasikika. Fanya hivyo mahali wazi. Anayeipeleka injini moja kwa moja kwenye mzigo mzito ataiona rangi ikipasuka na kudondoka.

Pumzi haina kipuri

Dawa ya kugandisha poliurethani ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikipulizwa hewani hazina harufu ya kumtahadharisha mtu, na huweza kumwachia fundi ugonjwa wa pumu ambao hurejea kila anapokaribia rangi hiyo tena, hata kwa kiasi kidogo. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote, wala barakoa ya vumbi. Kinga inayotegemewa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Karakana isiyokuwa na kifaa hicho isipulize poliurethani. Na ipake epoksi kwa brashi, au alkidi ya injini, na gari litakuwa zuri vilevile.

Epoksi nayo huwasha ngozi na kuweza kuleta mzio wa kudumu, kwa hiyo vaa glavu na usinawe mikono kwa thina. Usihifadhi thina katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto ataiona kama soda. Na mabaki ya rangi, mafuta machafu na maji ya kuoshea injini yasimwagwe mtoni. Wapo wanaochota maji ya kunywa hatua chache mbele, kutoka Bura hadi Garsen na delta. Yakusanye mabaki hayo katika debe lenye mfuniko na kuyapeleka mahali pa taka, mbali na mkondo.

Urithi unaokwenda kwa magurudumu

Kenya ni nchi yenye historia ndefu ya magari. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963 na kisha mara tatu mfululizo kutoka 1966 hadi 1968, na Peugeot 504 ikashinda mwaka wa 1975. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka wa 1965 kwa Volvo, na 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tangu mwaka wa 2003 magari ya zama hizo yamekuwa yakirejeshwa barabarani katika mashindano ya Safari ya magari ya kale, na huko Nairobi kuna maonyesho ya urembo wa magari ambapo majaji hufungua boneti na kukagua injini kama wanavyokagua bodi.

Mwenye kuandaa gari kwa maonyesho atataka rangi ile ile ya kiwandani na atakwepa mng'ao uliopita kiasi. Mwenye kutegemea gari au pampu kwa kazi atajali zaidi uimara. Wote wawili wanafuata hatua zile zile, tofauti ni rangi tu.

Na kwa anayenunua gari au pampu ya mitumba, neno la mwisho ni hili: injini iliyopakwa rangi jana isikutie pupa. Tazama kama rangi imepita juu ya raba, waya na tope. Ikiwa imepita, aliyeipaka hakuosha, na huenda kuna uvujaji alioukusudia usiuone. Mwambie muuzaji aiwashe, iendeshwe hadi ipate joto, kisha uinamie kwa kurunzi na kitambaa cheupe mkononi. Mafuta yatakayoonekana kwenye kitambaa hicho yatakueleza hali ya injini kuliko maneno ya mwenye mali.